Kabla ya Kusema Path of Exile 2 Imeharibiwa: Namna ya Kuipima kwa Haki

Kwenye vibanda vya gemu vya Mabatini na Kirumba, ubishi wa soka hupumzika kidogo pale mtu anapotaja Path of Exile 2, gemu ya mtandaoni ya kupigana na maadui, kupanda levo na kukusanya vifaa. "Mwanangu, ile ya kwanza unafagia kijiji kizima kwa kitufe kimoja. Hii ya pili unakimbizwa na mbwa mwitu watatu kama mwizi wa kuku." Wa pembeni naye hakubali: "Wewe umezoea kubonyeza bila kufikiri." Baada ya dakika ishirini sauti zimepanda, pedi imewekwa chini, na hakuna aliyemwonyesha mwenzake kitu chochote kwenye skrini.

Kosa huwa ni lilelile. Gemu ya kwanza ilitoka rasmi Oktoba 2013 na Grinding Gear Games ya New Zealand imekuwa ikiiongezea mambo miaka yote hii. Ya pili ilifunguliwa tarehe 6 Desemba 2024 kama toleo la mapema, ikiwa na aina sita tu za wahusika kati ya kumi na mbili zilizoahidiwa. Sasa mtu anachukua mhusika wake wa levo 95 wa zamani, mwenye vifaa alivyohangaikia miezi, anamweka mbele ya mhusika wa levo 9 mwenye rungu la kuokota, kisha anatoa hukumu. Hapo hakuna alichopima. Ukitaka kujua kama mwendelezo ni mzuri, linganisha mwanzo na mwanzo, mwisho na mwisho. Na kwa hapa Mwanza kuna la tatu: tenga kasoro za gemu na kasoro za bando, umeme na kompyuta. Nusu ya malalamiko yanayosikika vibandani ni ya hilo fungu la pili.

Taja namba ya toleo

Kabla mtu hajafungua mdomo, aulizwe amecheza toleo lipi. Aliyeacha Desemba 2024 alicheza 0.1.0, yenye sura tatu za hadithi ambazo zikiisha unazirudia upya kwa ugumu zaidi. Aliyecheza 0.2.0 ya Aprili 2025 alipata aina mpya ya mhusika, Huntress, lakini alikuta nguvu za wachezaji zimekatwa sana. Wachezaji walikasirika kwelikweli, na maoni mapya kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, yakageuka kuwa mabaya. Toleo la 0.3.0, la mwisho wa Agosti 2025, lilileta sura ya nne, likaondoa ule mtindo wa kurudia sura zilezile, na likaongeza mbio: ukishikilia kitufe cha kujiviringisha, mhusika anakimbia. Kwa hiyo anayesema "gemu inakurudisha mwanzo" na anayesema "hairudishi" wote wawili wanaweza kuwa wakweli. Kila mmoja anasimulia gemu yake.

Gharama

Toleo la mapema lilianza kuuzwa dola 30, na ndani ya hiyo bei unapewa pointi 300 za dukani. Gemu ikikamilika imepangwa kuwa ya bure, kama ile ya kwanza. Ukishindwa kusubiri, angalia siku za wazi: mwisho wa Agosti 2025, toleo la 0.3.0 lilipotoka, watu waliruhusiwa kucheza bure kwa siku chache. Siku kama hizo zinatosha kumaliza vipimo vyote vya sura ya kwanza nitakavyovieleza, mradi gemu iwe imeshapakuliwa mapema. Vyumba vya kuhifadhia vitu ulivyovinunua kwenye gemu ya kwanza vinahamia ya pili, kwa hiyo usivinunue mara mbili.

Mzigo mzito zaidi ni kupakua. Mahitaji rasmi yanataka nafasi ya gigabaiti 100 kwenye diski. Fanya hesabu kabla ya kununua bando: kasi ya megabiti 20 kwa sekunde ikitulia, gigabaiti 100 zinachukua saa 11 hivi, ya megabiti 10, saa 22. Na kasi ya jioni, mtaa mzima unapoangalia video, si ya saa tisa usiku.

Ndiyo maana marafiki watatu wenye akili hupakua mara moja. Steam ina uhamishaji wa gemu kwa mtandao wa ndani: kompyuta mbili zikiwa kwenye ruta moja, ile yenye gemu inaipelekea nyingine bila kugusa bando. Fungua mipangilio ya Steam, sehemu ya upakuaji, washa uhamishaji huo pande zote mbili, kisha anza kuweka gemu kwenye kompyuta isiyo nayo. Kama mmoja yuko Igoma na mwingine Nyegezi, tumia diski ya nje. Bandari ya USB 3 ikikimbia megabaiti 100 kwa sekunde, mzigo wote unahama kwa dakika 17 hivi. Kwa USB 2 tenga karibu saa nzima. Diski hiyo iwe na mfumo wa exFAT au NTFS. FAT32 hukataa faili lolote linalozidi gigabaiti 4, na mtu hujikuta amesubiri nusu saa halafu nakala inakata. Ukishanakili, iambie Steam ikague uzima wa mafaili. Itapakua tu kilichopungua.

Kompyuta na mtandao, ambavyo ndivyo huchafua ushahidi

Kiwango cha chini kilichotangazwa ni RAM ya gigabaiti 8 na kadi ya picha ya daraja la GTX 960. Kinachopendekezwa ni RAM 16 na RTX 2060. Diski ya SSD usiifanye hiari. Kwenye diski ya kuzunguka, eneo linachelewa kufunguka, na unaingia ukikuta umeshagongwa kabla sakafu haijachorwa. Mtu akifa hivyo anasema gemu ni ngumu kupita kiasi. Hapana, diski yake ni ya polepole.

Mashine ikiwa ya chini, mwanga uweke kwenye vivuli tu bila ule mwanga wa kuakisi dunia nzima, vivuli vyenyewe vishushe, washa ukubwa wa picha unaojibadilisha, na fungia fremu (picha kwa sekunde) kwenye 60, au 30 kama haifiki. Fremu 30 zilizotulia ni bora kuliko 55 zinazoporomoka hadi 18 bosi, yaani adui mkuu, anapopiga ardhi, kwa sababu katika gemu hii kukwepa ni suala la kuona ishara kwa wakati.

Sasa mtandao. Gemu haichezwi bila intaneti hata ukiwa peke yako. Fanya hivi:

1. Kwenye ukurasa wa kuingia, fungua orodha ya malango (seva za kuingilia kwenye gemu) na uangalie namba ya milisekunde, yaani muda wa data kwenda na kurudi, kwa kila moja. Usichague la Afrika Kusini kwa kuwa tu ni Afrika. Waya wa kutoka Mwanza unakwenda Dar es Salaam kwanza, halafu baharini, na kampuni yako ndiyo inaamua data ishike njia ipi. Siku nyingine lango la Ulaya linashinda. Chagua lenye namba ndogo na iliyotulia.

2. Ndani ya mipangilio kuna namna mbili za mtandao: Lockstep na Predictive. Lockstep inasubiri seva ikubali kila kitendo, hivyo unachokiona ndicho kilichopo, lakini mtandao ukisita, mwili wako nao unasita. Predictive inakuacha uende, kisha inakurekebisha. Ndipo unaona mhusika ameruka nyuma hatua mbili bila wewe kutaka. Kwa mtandao wa simu wa hapa, wenye milisekunde nyingi zinazopanda na kushuka, anza na Predictive. Kwa waya uliotulia, Lockstep.

3. Bonyeza F1 upate grafu. Grafu ya mtandao ikirusha miiba huku ya fremu ikiwa bapa, lawama ni za intaneti. Ya fremu ikipanda peke yake, ni mashine. Zote zikiwa tulivu na bado umekufa, hapo sasa tunaongea kuhusu gemu.

Umeme ukikatika hupotezi vitu ulivyovaa wala levo, kwa kuwa vyote vinatunzwa kwenye seva. Unachopoteza ni bosi uliyekuwa umembakiza robo. Atarudi na uhai kamili. UPS (betri ya akiba) ndogo inatosha kukupa dakika za kutoka salama, lakini ruta nayo ichomekwe humohumo. Watu wengi huchomeka kompyuta, wakaiacha ruta ukutani, kisha wanashangaa. Ile hali ya Hardcore, ambamo mhusika akifa amekwisha, isiingizwe kwenye ubishi huu kabisa. Kuicheza huku Luku inasoma uniti mbili ni kujitafutia presha.

Kipimo cha sura ya kwanza

Tengenezeni wahusika wapya wawili kwenye gemu ya pili: Warrior mwenye rungu, ambaye ni mzito, na Ranger mwenye upinde, ambaye ni mwepesi. Kwenye gemu ya kwanza anzisheni wawili wanaofanana nao, nao kutoka sifuri, bila kuazima kitu kutoka stoo ya zamani. Hilo la stoo ndilo watu hudanganyana. Wote wachezwe hadi mwisho wa sura ya kwanza.

Cheza ya pili kwa kutembea na vitufe vya W, A, S na D, au kwa pedi, wala si kwa kubofya ardhi kama ya kwanza. Mwelekeo wa kutembea na mwelekeo wa kupiga vinatenganishwa, hivyo Ranger anarudi nyuma huku anafyatua. Anayebofya hupoteza nusu ya kile kilichobadilishwa, kisha anasema hakuna kilichobadilika.

Kujiviringisha hakuna muda wa kusubiri, ila kuna mipaka. Kunakuokoa na mishale na mapigo ya moja kwa moja. Hakukuokoi na pigo linalofunika eneo, kama rungu la bosi linapotua ardhini, isipokuwa uwe umetoka nje ya eneo hilo. Mweko mwekundu ukionekana kwa bosi, pigo linalokuja halizuiliki kwa ngao: ondoka. Wengi wanaolalamika kwamba kuviringika hakufanyi kazi wanaviringika papohapo, ndani ya duara.

Warrior ndiye anayetukanwa kuliko wote, na mara nyingi ni kwa sababu mbili. Ya kwanza, anapigana kwa pigo la kawaida tu. Rungu linajaza taratibu mzania wa kumpumbaza adui. Adui akikaribia kupumbazwa, gemu inakuonyesha alama juu yake, na hapo ndipo unampiga kwa ujuzi wa Boneshatter. Adui anaganda, na wimbi la pigo linawaangusha walio karibu. Ukiitumia mapema hupati wimbi hilo. Ya pili ni silaha. Ujuzi wa mashambulizi unachukua nguvu zake kutoka kwenye namba za silaha uliyoshika. Mtu yuko levo 12 na rungu la levo 4, kavaa kofia ya kung'aa, anashangaa mbona adui hafi. Kila levo mbili au tatu rudi kambini, mwone Renly mhunzi; bidhaa za wauzaji hubadilika kila unapopanda levo. Kwa wachawi wanaotumia uganga, mambo ni tofauti: levo ya jiwe la ujuzi, lile linalompa mhusika uwezo wa kupiga, ndiyo inayobeba nguvu, kwa hiyo wao wakague mawe kabla ya fimbo.

Rungu jeupe, yaani la kawaida lisilo na sifa za ziada, lenye msingi mzuri lisiachwe chini. Tufe ya kuboresha vitu iitwayo Orb of Transmutation inaligeuza la bluu, Augmentation inaongeza sifa ya pili, Regal inaligeuza la njano na kuongeza moja, na Exalted inaendelea kuongeza hadi sifa sita. Vitu vya bluu na njano usivyovihitaji, vivunje kwa muuzaji upate vipande vya Transmutation na Regal. Vipande kumi vinatoa kimoja kizima. Anayeviuza vyote kwa dhahabu ndiye baadaye analia kwamba vitu vizuri havidondoki. Ni kweli mwanzoni gemu hii ina mkono mzito kuliko ya kwanza, hilo nalikubali. Lakini kipimo kiwe cha aliyetumia alichopewa.

Kabla ya Count Geonor, bosi wa mwisho wa sura, pita kwa Beira kule Clearfell upate kinga ya baridi asilimia 10 ya kudumu, na kwa Candlemass ndani ya jumba la Ogham uongezewe uhai 20. Geonor anageuka mbwa mwitu na baridi yake ndiyo inayowamaliza watu, hivyo pete au mkanda wenye kinga ya baridi una thamani kuliko wenye kuongeza nguvu. Kinga kwa kawaida hufikia ukomo kwenye asilimia 75. Kwa levo hiyo hutafika, wala huhitaji.

Daftari la vifo

Hiki ndicho kipimo chenye faida kuliko vyote, na hakihitaji zaidi ya karatasi na kalamu. Anayetazama aandike, si anayecheza, anayecheza atajitetea. Kila kifo kipewe herufi moja. H: hakuona pigo, kwa kuwa skrini ilijaa miale. C: aliliona akachelewa. M: mtandao au fremu, kwa ushahidi wa zile grafu. N: aliona, akakwepa, lakini nguvu zake hazitoshi, pambano likawa refu hadi akachoka. Andika pia jina la adui na levo ya mhusika.

Ukurasa mmoja wa namna hii unasema zaidi ya saa nzima ya kelele:

Warrior, levo 14, Geonor: C, C, H, C, ameshinda.
Warrior, levo 15, kundi la njiani: M.
Ranger, levo 13, Geonor: N, N, N, amebadilisha upinde, ameshinda.

Soma mstari wa Ranger. Aliyemtazama angesema bosi hajapangwa vizuri, kumbe upinde ulikuwa umechakaa. Warrior kwa upande wake alikuwa anajifunza pambano, maana vifo vyake karibu vyote ni C. Herufi C nyingi zinazoishia kwenye ushindi ni dalili kwamba bosi ametengenezwa vizuri. Zikijaa H, hata baada ya kupunguza miale ya silaha zako mwenyewe, hiyo ni kasoro ya gemu na ina haki ya kusemwa kwa sauti. Zikijaa M, nyamazeni mbadilishe lango.

Fanyeni hivyohivyo kwa ya kwanza. Mtaona jambo ambalo mashabiki wake hulisahau: sura yake ya kwanza nayo ni ya polepole. Ile kasi wanayoililia huja baadaye sana, wakati mawe sita ya ujuzi yameshaungwa kwenye vazi moja. Na kuyaunga kulitegemea matundu ya vazi, rangi zake na viungo vyake, vyote kwa bahati. Kwenye ya pili matundu yamehamia kwenye jiwe la ujuzi lenyewe: Lesser Jeweller's Orb inalifanya jiwe liwe na nafasi tatu za mawe saidizi, Greater nne, Perfect tano. Ukipata vazi bora unalivaa papo hapo. Hapa mwendelezo umeshinda waziwazi, na sijasikia hoja nzito ya kupinga.

Baada ya hadithi

Mwisho wa gemu ulinganishwe na aliyefika mwisho wa zote mbili, wengine wasikilize. Huko maswali hubadilika. Ramani, yaani maeneo ya kupigana baada ya hadithi, zinafunguliwa kwa kitu kiitwacho Waystone, na mwanzoni, toleo la 0.1.0, ukifa mara moja ramani imepotea, jambo lililokuwa adhabu kubwa mno kwa mtu wa mtandao wa kusuasua. Baadaye walilegeza na kutoa majaribio zaidi kwa ramani zisizo na masharti mengi. Kwa utajiri wa mambo ya kufanya, ya kwanza bado iko mbele. Ina miaka mingi ya nyongeza, na kukataa hilo ni ushabiki tu.

Biashara ndiyo iliyobadilika kwa namna inayomgusa mtu wa hapa moja kwa moja. Zamani ukitaka kununua kitu, muuzaji alitakiwa awe mtandaoni saa hiyohiyo, akualike, mkabidhiane mkono kwa mkono. Umeme ukikatika upande wako, dili limekufa. Tangu 0.3.0 unaweka kitu kwenye chumba cha biashara, unazima kompyuta, na mnunuzi anakilipia hata kama umelala. Anaongeza ada ya dhahabu. Vyumba hivyo vinanunuliwa, ila chumba cha daraja la juu ulichokuwa nacho kinaweza kugeuzwa. Aliyefikia levo ya ramani akijaribu njia hiyo wiki moja huku na wiki moja kwenye mtindo wa zamani, atakuwa na la kusema.

Toleo jipya likitoka, msiendelee na wahusika wa zamani kwa kipimo hiki. Anzeni wapya, Warrior na Ranger walewale, njia ileile, mabosi walewale, na lango lilelile la mtandao. Daftari la zamani liwekeni pembeni yake. Herufi za Geonor zikibadilika huku mchezaji ni yuleyule, someni maelezo ya mabadiliko ya toleo hilo mtafute kilichoguswa: uhai wa bosi, mizania ya kupumbaza, au namba za rungu.